Wao wanapewa safari, mimi napewa birika

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29, nimeolewa mwaka jana, sijapata mtoto bado. Nina shahada ya uzamili ya bioteknolojia na ninafanya kazi kwa mkataba wa mradi katika taasisi ya utafiti wa kilimo hapa Tanzania. Tunashughulika na magonjwa ya mihogo, batobato na michirizi ya kahawia. Wenzangu wakirudi na majani kutoka mashambani, mimi ndiye ninayeyasaga, nachuja vinasaba, napima kama kuna kirusi. Watafiti kitengoni kwetu tuko tisa. Wanawake ni wawili, na mwenzangu yuko masomoni. Ukihesabu na mapokezi na usafi, basi wanawake tunakuwa wengi.

Mwaka jana nilihangaika miezi mitano na tatizo moja. Majani ya muhogo yana utelezi, na yakikauka njiani vinasaba vinatoka vichafu, mashine haisomi kitu. Nikabadilisha vipimo vya kemikali, nikabadilisha joto, nikaharibu sampuli za majaribio hadi nikaona aibu kuomba nyingine. Mwishowe nikapata njia inayokubali hata majani yaliyokaa wiki mbili kwenye bahasha. Sasa kitengo kizima kinaitumia. Makala ikaandikwa, nikaletewa "nipitie Kiingereza". Majina ya waandishi yako sita. Langu halimo. Nikalikuta mwisho kabisa, kwenye shukrani, baada ya dereva. Dereva wetu ni mtu mwema na anastahili kushukuriwa. Lakini Shangazi!

Mwezi uliopita ikaja nafasi moja ya mafunzo ya wiki sita Ulaya, ya kusoma mpangilio wa vinasaba vya virusi, kazi yangu hasa. Akapewa kijana aliyeajiriwa mwaka jana, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika pipeti, kile kifaa cha kunyonya matone ya kemikali. Nilipomuuliza mkuu wa kitengo, ambaye tunamwita Daktari, akanijibu kwa upole: "Mama, wewe una ndoa changa. Nilikuonea huruma. Wiki sita ni nyingi, mumeo atasemaje?" Mume wangu hakuulizwa na mtu. Nilipomsimulia alicheka, akasema huyo Daktari labda anadhani yeye hajui kusonga ugali.

Uwandani nako siendi. Naambiwa pikipiki na kulala gesti si mazingira ya mwanamke. Basi wanakwenda wanaume, na fomu zinarudi zile nafasi za "maoni ya mkulima" zimejazwa na waume, wakati mihogo yenyewe imelimwa na wake zao.

Kilichonimaliza ni usiku wa umeme. Umeme ulikatika saa tatu, jenereta likagoma. Ninakaa karibu, nikaenda na kanga mabegani. Nikampigia fundi simu, hapokei. Nikakaa mbele ya friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri nikiangalia namba kwenye kioo chake: 78, 71, 64. Mle ndani kuna sampuli za misimu mitatu. Fundi alikuja saa tisa usiku, jenereta likawaka namba ikiwa 58. Asubuhi tukawa na kikao. Daktari akafunga kwa kusema, "Na tumshukuru dada yetu kwa chai." Watu wakapiga makofi.

Mama yangu anasema niachane na hayo mambo, niombe ualimu wa sekondari, nitapata likizo na nafasi ya kulea. Na Daktari si mtu mbaya, Shangazi. Harusini kwetu alichanga kuliko baadhi ya wajomba zangu. Ndiyo maana naona haya kulalamika. Mkataba unaisha Desemba, na anayependekeza nani aongezewe ni yeye. Je, nina kinyongo tu? Nifanyeje?

Mwenye Pipeti

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka hapo kwa dereva. Mara ya tatu sikucheka. Mji na jina la mradi nimeyafuta mwenyewe, maana nchi yetu ni kubwa lakini wanaochuja vinasaba vya mihogo wanajuana wote.

Tuanze na hiyo huruma. Daktari anasema alikuonea huruma. Chukua sentensi yake, ondoa neno la mwisho, usome kinachobaki.

Sisemi ana roho mbaya. Ninakuamini kwamba ni mtu mwema, na ndiyo sababu jambo hili limekusumbua hadi ukaandika barua ndefu hivi. Angekuwa mtu wa matusi ungejua la kufanya siku ile ile. Huyu amechanga harusini, anakuita mama, anakuhurumia, na kila akikuhurumia wewe unabaki ulipo na mwingine anasogea. Mchango wa harusi una malipo yake: siku akioza binti yake, nawe utachanga. Haulipwi kwa jina lako kwenye makala.

Na kabla hujadhani nawasema wanaume tu, ngoja nikuambie langu. Kabla ya safu hii nilifanya kazi maabara ya maji miaka mingi. Kuna safari ya kupima visima niliipanga mimi, siku kumi, na kwenye orodha nikamruka binti mmoja aliyekuwa na mtoto wa miezi minane. Sikumuuliza. Nilijiona nimemfanyia wema. Baadaye nikasikia kwamba alikuwa ameshapanga na dada yake aje kukaa na mtoto, na posho ya safari ile alikuwa ameihesabia kodi ya nyumba. Hakunilaumu. Mwaka uliofuata akahamia idara nyingine, akafanya kazi za ofisini. Mimi ni mwanamke, nina watoto, na nilifanya vile vile anavyofanya Daktari wako.

Hili limeshapimwa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwapelekea maprofesa 127 wa sayansi maombi ya kazi ya msimamizi wa maabara. Maombi yalikuwa yale yale neno kwa neno. Baadhi yalikuwa na jina John, mengine Jennifer. John akaonekana hodari zaidi, akapangiwa mshahara wa wastani wa dola 30,238 kwa mwaka. Jennifer dola 26,508. Kilichoniuma kuliko dola ni kwamba maprofesa wanawake walimpunja Jennifer sawasawa na wanaume. Kwa hiyo usitegemee kwamba siku mkipata mkuu wa kitengo mwanamke mambo yatanyooka yenyewe.

Umeniuliza kama una kinyongo tu. Njia ya kujua ni kupima, na wewe kupima ndiyo kazi yako. Miaka ya 1990 pale MIT, chuo kingine cha Marekani, alikuwepo mtaalamu wa vinasaba anaitwa Nancy Hopkins. Alitaka nafasi zaidi ya matangi ya samaki wake wa utafiti, futi za mraba 200 tu, akanyimwa. Akaanza kujiuliza kama wewe: ni mimi tu, au? Akachukua futi ya fundi akazunguka usiku akipima maabara za wenzake, moja baada ya nyingine. Yeye alikuwa na futi za mraba 1,500, maprofesa wanaume wa ngazi yake 3,000 au zaidi. Akawatafuta wanawake wengine wenye ajira ya kudumu katika kitivo cha sayansi. Walikuwa 15 tu, wanaume karibu 200. Kumbe karibu kila mmoja alikuwa ameteseka kimya akidhani ni peke yake. Mwaka 1999 chuo chenyewe kikatoa ripoti na kukiri. Mama huyu hakupaza sauti. Alikuja na namba, na namba za futi hazina cha kubishana.

Basi tafuta futi yako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi yako ni mali. Chukua karatasi, andika miaka miwili iliyopita: safari zote za uwandani na nani alikwenda, mafunzo yote na nani alipelekwa, makala zote na majina yaliyowekwa, vikao vyote na nani aliandika muhtasari, nani alichemsha chai. Ya chai usiione ndogo. Usiweke maoni wala neno "ubaguzi", weka tarehe na majina. Ukimaliza utajua kama una kinyongo au una jedwali.

Sasa makala, maana hiyo haijachapishwa na hapo ndipo una haraka. Kuwa mwandishi wa makala ya kisayansi si zawadi ya mkubwa. Taratibu zinazofuatwa na majarida mengi zinataka mtu awe amechangia kwa uzito kubuni kazi, kuifanya au kuichambua, awe ameshiriki kuiandika au kuipitia, aikubali nakala ya mwisho, na awe tayari kuitolea majibu. Kuleta fedha peke yake hakutoshi. Kuwa bosi peke yake hakutoshi. Na majarida mengi siku hizi yanadai kila mwandishi aeleze alichofanya. Hapo kwenye maelezo ya mbinu, hao sita watajaza nini, kama aliyeibuni mbinu ni wewe?

Usiende kusema "naomba mnifikirie". Nenda na daftari lako la maabara, lenye tarehe, lenye ile miezi mitano na sampuli ulizoziharibu. Sema sehemu gani ya makala inatoka kwenye kurasa zipi. Nafasi gani udai? Kama makala inahusu ile njia yako ya kuchuja, wewe ni mwandishi wa kwanza na usirudi nyuma. Kama inahusu kuenea kwa ugonjwa na njia yako ni aya mbili ndani yake, kubali nafasi ya kati, kisha uandike makala fupi ya njia yenyewe ukiwa wa kwanza. Na hiyo kazi ya "kupitia Kiingereza" usiirudishe kwanza. Ikirudi bila jina lako wataituma.

Safari ya Ulaya, mwanangu, imeshakwenda. Kijana ameshapewa na pengine viza iko njiani. Usigombane naye. Hakuiba kitu, na ni wewe uliyemfundisha, mfanye wako. Akirudi akufundishe alichojifunza kama ulivyomfundisha pipeti. Unachotakiwa kumuuliza Daktari ni cha mbele: nafasi ijayo itatolewa kwa vigezo gani, na viandikwe kabla haijatangazwa. Mumeo kama hana neno, amwachie Daktari salamu tu. Asiende ofisini kukutetea hata kwa nia njema, maana akienda yeye ndiye atakayekuwa ametoa ruhusa, na wewe utakuwa umerudi pale pale.

Hoja ya "mumeo atasemaje" ina umri mkubwa kuliko wewe. Mwaka 1966 Wangari Maathai alirudi Nairobi kutoka Marekani na shahada ya uzamili ya biolojia na barua ya ajira mkononi. Profesa aliyemwandikia barua akamwambia kazi ameshapewa mwingine. Maathai mwenyewe aliamini ni kwa sababu ya kabila lake na jinsia yake. Akapata nafasi idara ya anatomia ya wanyama, kwa profesa Mjerumani, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata udaktari wa falsafa. Dunia inamkumbuka kwa miti na kwa Nobeli ya 2004. Mimi namkumbuka kwa ugomvi mdogo wa pale chuoni, yeye na mwenzake Vertistine Mbaya, wa kudai nyumba na stahili nyingine walizokuwa wakipata wanaume. Wao walikuwa wananyimwa kwa hoja kwamba wameolewa, waume ndio wa kuwatunza. Ndoa ya mwanamume ilimwongezea stahili, ya mwanamke ilimpunguzia. Miaka kama 50 baadaye yako imekupunguzia wiki sita.

Uwandani usiombe kwa hoja ya haki, omba kwa hoja ya takwimu. Mwambie Daktari fomu zinarudi na majibu ya watu wasioshika jembe. Mwanamke aliyelima anajua lini majani yalianza madoa na mbegu aliitoa kwa jirani gani, mumewe anajua bei ya gunia. Mfadhili akiligundua hilo litamuumiza Daktari kuliko barua yako yoyote. Usalama nao si wa kupuuza, gesti zetu tunazijua. Lakini dawa yake ni bajeti ya chumba chenye komeo na safari ya wanawake wawili pamoja. Kumwacha mtu nyumbani si usalama.

Friza. Hapa umenikasirisha wewe, si Daktari. Uliokoa misimu mitatu ya kazi halafu ukaingia kikaoni ukanyamaza! Ungetaka ajueje? Pengine hadi leo hajui. Andika taarifa ya ukurasa mmoja: umeme ulikatika saa ngapi, namba za friza saa kwa saa, nani alipigiwa simu, sampuli ngapi zilikuwa ndani, na pendekezo kwamba jenereta liwashwe kwa majaribio kila Ijumaa na friza iwekewe kengele ya simu. Peleka kwa Daktari, nakala kwa utawala. Hiyo ni taarifa ya kawaida ya kazi, si majigambo. Mwanamume angeiandika asubuhi ile ile.

Sheria ipo, na uijue hata kama huitumii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na inataja kwa majina jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia. Kwa hiyo "una ndoa changa" si mzaha wa ofisini, kisheria ina jina. Mgogoro wa namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na ukihusu kuachishwa kazi ni siku 30. Kama taasisi yenu ni ya umma kuna ngazi za utumishi za kupitia kwanza. Sikushauri uanzie huko. Ila ule mkataba wa Desemba ukikatika ghafla baada ya wewe kuuliza maswali, siku zinaanza kuhesabika, na utafurahi kuwa barua pepe zako umezitunza. Barua pepe, nimesema. Data za mradi usiondoke nazo, usije ukageuziwa kesi.

Tena usiweke mayai yote kwa Daktari. Kuna AWARD, programu yenye makao Nairobi, iliyoanzishwa 2008 kwa ajili ya wanawake wa Afrika walio kwenye utafiti wa kilimo, yaani wewe. Humpa mtafiti mlezi wa kitaaluma aliyemtangulia, naye humlea mdogo wake. Kuna OWSD, jumuiya ya wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea, yenye makao Trieste, Italia. Hawa wamesomesha wanawake wengi udaktari wa falsafa. Fuatilia kama maombi yamefunguliwa, na utume hata kama mkataba umeongezwa. Duniani watafiti wanawake ni kama theluthi moja tu, na wengine huachia njiani katika umri kama huu wako, kazi ikiwa imeiva na mwenye kuigawa ana huruma.

Mama yako mpe heshima zake. Ameona binti anarudi nyumbani amenyong'onyea, ametafuta mlango wa karibu. Ualimu wa baiolojia ni kazi kubwa, na mabinti wetu wanawahitaji walimu kama wewe kuliko chakula cha mchana. Ukiupenda, nenda. Lakini nenda siku ambayo una nafasi mbili mkononi na umechagua moja, usiende kwa sababu umechoka kubeba birika. Na kama mwisho wa yote Daktari atakataa kila kitu, tafuta maabara nyingine. Mihogo inaugua mpaka pwani ya Kenya na Msumbiji.

Barua ya kuanzia nimekuandikia, ibadilishe iwe lugha mnayotumia kazini:

"Daktari, salaam. Nimepitia rasimu ya makala. Njia ya kuchuja vinasaba iliyoelezwa humo niliiandaa na kuijaribu mimi, kama inavyoonekana kwenye daftari langu la maabara, kurasa zake nimeziambatisha. Naomba tukutane wiki hii tukubaliane nafasi yangu kati ya waandishi kabla makala haijatumwa. Nimeambatisha pia taarifa ya usiku wa kukatika umeme na mapendekezo mawili. Mwisho, napendekeza chai ya kikao iwe ya zamu kwa watafiti wote tisa. Ratiba nimeiweka chini, nimeanza na jina lako kwa heshima ya ukubwa."

Mstari wa mwisho uutoe kama unaogopa. Mimi ningeuacha. Itume Jumapili usiku ili aikute kabla ya kikao, na Jumatatu asubuhi uingie na daftari tu.

Shangazi